Vipande Ishirini na Tisa, na Kimoja Kifupi

Baba Nafula alizikwa Jumamosi iliyopita kwao Bungoma, nami sikwenda. Nafula mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Kaka Eliya, mzee ametuacha," kisha akaniachia nafasi ya kulia kama nataka. Halafu akaniambia kwamba majirani wa zamani wa Kibera wamekwisha wote, nimebaki mimi, na kwamba siku ya mazishi wangependa nisimame niseme maneno machache juu ya marehemu. "Dakika tano tu," alisema. Nikamjibu kwamba miguu yangu haiwezi tena safari ya basi. Miguu yangu ni mizima. Asubuhi ile nilikuwa nimetembea mpaka Soko la Toi na kurudi. Kilichonishinda ni zile dakika tano. Nimevuka miaka sabini na bado watu zaidi ya watatu wakinitazama kwa pamoja ulimi unakauka. Kwa hiyo nimekaa na daftari, naandika neno moja moja juu ya mwaka niliopanga chumba ukuta kwa ukuta na Baba Nafula. Nilikozaliwa na jinsi nilivyofika Nairobi nitayaacha. Hayo yanafanana na ya watu wengi.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba bila kupata nafasi ya kuendelea, na nilikuwa najifunza useremala kwa Fundi Njoroge kule Kawangware. Chumba changu kilikuwa Mashimoni, ndani ya Kibera, cha nne katika safu ya vyumba sita vya udongo vya Mama Zainabu, mama wa Kinubi aliyekaa na watoto wake katika nyumba ya mbele yenye baraza. Kuta za vyumba vyetu zilipanda kimo cha mtu aliyeinua mkono, zikaishia hapo. Kati ya ukuta na mabati palikuwa na uwazi, na kupitia uwazi huo moshi, harufu na maneno vilihama kutoka chumba hadi chumba bila kupiga hodi. Mimi sikuwa na maneno ya kuwapelekea wengine. Nilitoka kazini saa kumi na moja, nikapika ugali na sukuma wiki, nikakaa kitandani na sahani magotini, nikasikiliza upande wa pili. Huko waliishi watu wawili: Baba Nafula, mwashi wa makamo aliyekuwa akijenga nyumba mtaa wa Ayany, na binti yake wa miaka kumi na moja. Mama alikuwa nyumbani Bungoma akiangalia shamba. Baba akiuliza, "Chumvi imetosha?" mimi pia nilionja yangu. Nilijifunza kula polepole ili nimalize wanapomaliza wao, nisibaki na sauti ya kijiko changu peke yake. Kuna Jumapili ambazo sikutamka neno ila kumtajia mwenye duka ninachotaka, na Jumapili nyingine nilinyoosha kidole tu.

Jioni moja mwezi wa pili, jua halijazama, nilimsikia Nafula akisoma hesabu kwa sauti. Ilikuwa hesabu ya kugawanya ile ndefu, inayoshuka chini ya karatasi kama ngazi.

"Mia nane na kumi na sita, gawanya kwa nane. Jibu ni kumi na mbili."

"Una hakika?" baba akauliza.

"Sina."

"Sasa mimi nitakusaidiaje na wewe huna hakika? Mimi niulize matofali."

Akarudia tangu mwanzo, akapata kumi na mbili tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na machozi. Baba Nafula hakuwa mtu wa kupiga. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine, "Nafula, sikiza. Hii darasa la nne umekaa mara mbili. Ukianguka tena mwisho wa mwaka, unarudi nyumbani, unashika jembe kama dada yako. Mara ya tatu mimi sina nguvu." Dada yake alikuwa amerudishwa hivyo hivyo, na kabla ya miaka miwili kwisha alikuwa ameolewa, ana mtoto mgongoni. Hilo nililijua kwa sababu ya uwazi ule. Nilisikia penseli yake ikianza tena kutoka juu.

"Mia moja na mbili," nikasema.

Mpaka leo sijui neno lile lilinitokaje. Upande wa pili penseli ilisimama.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wa chumba cha nne."

"Kumbe unaongea," Baba Nafula akasema. "Miezi mitatu hii nilijua mwenye nyumba ameweka bubu hapo. Njoo huku uongee ukiwa na uso."

Tulipatana mbele ya Mama Zainabu. Ningemfundisha binti kila jioni, barazani, mahali ambapo watu wanaona, na baada ya somo ningekula kwao. "Mimi sitaki maneno," Baba Nafula alisema. Mama Zainabu, aliyekuwa akisuka kawa ya rangi ya kufunikia chakula, hakuinua macho. "Kwangu hakuna maneno," alisema. "Maneno yote hapa nasema mimi."

Daftari lilikuwa la kuandikia kazi ya shule, si la kujaribia. Basi nilikuwa naleta kutoka karakana vipande vya mbao visivyo na kazi, nimevipiga randa vikawa laini, na tuliandika juu yake kwa penseli yangu nene ya useremala. Kesho yake nilivirudisha Kawangware mkobani, nikavipiga randa tena, hesabu za jana zikatoka zimejikunja kama maganda, na jioni tukaanza upya. Fundi Njoroge aliniuliza mara moja tu. Nilipomwambia ni vya kumfundishia mtoto hesabu, alisema, "Mtoto wako?" Nikasema hapana. "Basi wewe ni mjinga," alisema, lakini siku iliyofuata aliniwekea kando kipande cha mwerezi chenye uso mzuri wa kuandikia.

Kumfundisha mtu ni kitu tofauti kabisa na kujua. Mimi nilijua kugawanya kama ninavyojua kutembea. Nilimwambia Nafula: gawa, zidisha, toa, shusha, halafu unaanza tena. Alikariri vizuri kuliko mimi. Lakini kila alipofika mahali ambapo namba haiingii, alipita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa salamu. "Nane katika moja haiingii," alisema, kisha akashusha sita na kuendelea, na jibu likawa kumi na mbili. Nilimwambia aweke sufuri. Aliuliza kwa nini aandike kitu wakati hakuna kitu. Nilimwambia tena aweke sufuri, kwa sauti ile ile, maana sikuwa na sauti nyingine. Wiki mbili zilipita hivyo. Aliweka sufuri nilipomtazama, akaisahau nilipotazama pembeni.

Aliyetuokoa ni Mama Zainabu. Jioni moja alichoka kutusikia.

"Wewe Nafula," alisema, "ukiweka debe lako kwa laini ya maji, halafu ukaenda kupika, debe lina nini ndani?"

"Halina kitu."

"Na mtu akija akalitoa, akasema hili halina kitu?"

"Nitampiga," Nafula akasema.

"Kwa nini, na ni tupu?"

"Linanishikia nafasi. Akilitoa, wa nyuma atasonga mahali pangu."

"Haya. Mwambie huyo mwalimu wako alete hesabu yake."

Nafula aliuvuta ubao karibu. Bombani kwetu Mashimoni ndivyo ilivyokuwa: foleni yenye madebe matupu mengi kuliko watu, na hakuna aliyethubutu kusogeza la mwenzake. Akachukua penseli, akaandika moja, akaandika sufuri, akaibonyeza mpaka ubao ukaingia ndani, akaandika mbili. Kisha akaniambia mimi, kwa huruma kidogo, "Ungesema hivyo toka mwanzo." Mama Zainabu alicheka mpaka akaangusha ukindu aliokuwa akisukia. Usiku ule sikuwa na wivu, ingawa mwalimu alikuwa mwingine. Nilikula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, chumbani kwa Baba Nafula, mlango wazi, nikasikia tukizungumza watatu, na sauti moja kati ya hizo ilikuwa yangu.

Nimekula katika nyumba nyingi tangu hapo, nyingine ni zangu mwenyewe. Lakini nikiambiwa nitaje chakula, hiki ndicho kinachokuja: sufuria moja, bakuli la omena, Baba Nafula akiwa na saruji imekauka kwenye nyusi, Nafula akinisukumia upande wenye vichwa vichache kwa sababu aliona navitoa. Baba Nafula alipenda kusimulia. Alisimulia vile tajiri mmoja alivyotaka ngazi ya nyumba yake iwe na vidato kumi na tatu kamili, na vile walivyomdanganya. Mimi nilisikiliza na kuchelewesha tonge. Nilipoingia chumbani kwangu baadaye, bado niliwasikia wakiosha vyombo, na ilikuwa ajabu kwamba ukuta ule ule ulinitenga zaidi sasa kuliko wakati sikuwajua. Nilijua pia, bila kujisemea waziwazi, kwamba mtoto akipanda darasa atabaki Nairobi, nami nitabaki na mahali pa kula. Akianguka, atakwenda, na hakutakuwa na somo. Kwa hiyo nilimfundisha kwa bidii ya watu wawili.

Likizo ya mwezi wa nane Baba Nafula alifanya kazi hata Jumamosi, akaniomba nimchukue binti karakana asishinde peke yake. Tulitembea asubuhi, tukakata Barabara ya Ngong, mpaka Kawangware. Nafula alikaa juu ya magogo, akakusanya vumbi la mbao na maranda kwa miguu. Nilitaka aone kwamba hesabu yetu inafanya kazi. Nikachukua ubao wa futi nane, nikampa rula ya kukunja. "Gawanya vipande vya futi mbili mbili," nikamwambia. Akasema ni vinne. Akapima, akatia alama tatu kwa penseli, kwa uangalifu kama anayeshona. Nikashika msumeno nikakata juu ya alama zake. Kisha akavipima vyote. Hakuna kilichofika futi mbili kamili.

"Nimekosea," akasema, na uso wake ukaanza kuvunjika.

"Hujakosea," nikasema. Nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka hunichoma. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jambo la kumwambia mtu ambalo hakuna mwingine pale barazani angelijua. "Msumeno unakula. Kila ukikata unakula unene wa meno yake. Fundi anapima kipande, anakata, halafu ndiyo anapima kingine. Cha mwisho kinatoka kifupi, lazima."

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Kitabu hakijui," nikasema.

Fundi Njoroge alikuwa akisikiliza. "Mwambie huyo msichana ukweli," alisema. "Fundi asiyehesabu msumeno atalala njaa." Nafula akaokota konzi ya vumbi la mbao chini ya benchi, akalitazama. "Kwa hiyo kipande kilichopotea ni hiki," alisema. Njia yote ya kurudi aliniuliza msumeno mkubwa unakula kiasi gani, na mdogo kiasi gani, na kisu je. Nilimjibu yote. Nadhani sijawahi kuzungumza maneno mengi vile kwa siku moja.

Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Alipoletewa karatasi yake, siku ya Alhamisi, alikuja nayo moja kwa moja barazani kabla hata ya kuvua sare. Aliyepata hamsini alipanda darasa la tano. Yeye alikuwa na arobaini na nane. Nilizipitia hesabu zake moja moja, na za kugawanya alizipata zote, sufuri zimesimama mahali pake, isipokuwa moja tu yenye alama nne. Fundi ana ubao wa sentimita mia nne na ishirini. Anaukata vipande vya sentimita kumi na nne. Atapata vipande vingapi? Pembeni Nafula alikuwa ameifanya vizuri kabisa, amepata thelathini. Kisha alikuwa ameipiga mstari, na chini yake ameandika kwa herufi safi: ishirini na tisa, na kimoja kifupi. Mwalimu alikuwa ameweka mkasi mwekundu, alama ya kosa.

"Si msumeno unakula?" Nafula aliniuliza.

"Unakula," nikasema.

Baba Nafula alikuja, akaelezwa. Yeye alikuwa mtu wa kazi ya mikono, akaona mara moja. "Lakini hiyo ni kweli," alisema. "Hata tofali ukipasua, linapotea kidogo." Akaishika karatasi mbali na macho. "Kesho ndiyo wanafunga, wanaita wazazi tu. Mimi nikienda, mwalimu ataniuliza swali la pili nitakwama. Eliya, wewe nenda. Wewe ndiye fundi, na wewe ndiye ulimwambia. Mwalimu akikubali hizo alama, mtoto anabaki. Mimi sirudi nyuma kwa neno langu, lakini akikubali, anabaki."

"Nenda na msumeno wenyewe," Mama Zainabu akasema. "Mkatie ubao hapo mezani aone."

Wote walinitazama. Nikasema, "Nitakwenda."

Asubuhi nilivaa shati langu la Jumapili. Sikuchukua msumeno, nilichukua vipande viwili vya ubao na rula, nikaviweka mkobani pamoja na karatasi ya Nafula. Njiani nilipanga maneno. Mwalimu, samahani, mimi ni fundi mbao. Mwalimu, mtoto huyu hakukosea. Niliyasema kwa sauti nilipokuwa peke yangu, yakatoka sawasawa. Shule ilikuwa na lango la mbao, nikaona bawaba moja imelegea, na hilo likanipa moyo kidogo. Ndani, walimu walikuwa wamekaa kwenye viti mbele ya ofisi, wana tai, na wazazi wamesimama mbele yao. Mzazi mmoja alikuwa akijieleza na walimu walikuwa wakicheka, labda si yeye waliyemcheka. Nilisimama langoni. Mwalimu mmoja kijana, ambaye hakunizidi miaka mitano, aliniona.

"Wewe," aliita. "Unauza nini?"

Wote wakageuka. Nilitazama mkoba wangu, nikaona ncha za mbao zimetokeza. Yale maneno niliyopanga yalikuwepo, niliyaona yamejipanga, lakini hakuna hata moja lililonyanyuka.

"Hakuna," nikasema.

"Basi toka langoni, wazazi wapite."

Nikatoka. Hiyo ndiyo kazi yote niliyomfanyia Nafula siku ile. Sikurudi nyumbani mara moja, kwa sababu ilikuwa mapema mno, na mtu aliyekwenda kuzungumza na mwalimu lazima achukue muda. Nilitembea mpaka Kawangware, nikakaa nyuma ya karakana juu ya magogo mpaka saa nane. Nilifikiria kurudi shuleni. Nilifikiria hivyo mpaka muda ukapita wa mtu kuwa bado yuko pale, kisha nikaona nafuu, na nafuu ile ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuona ndani yangu.

Jumapili yake Nafula alipanda basi la Bungoma na shangazi yake. Hakurudi shule. Huko nyumbani alishika jembe kama baba yake alivyosema, akaolewa akiwa na miaka kumi na saba, na mambo mengine ya maisha yake ni yake kuyasimulia. Mimi nilihama Mashimoni kabla ya mvua. Nilikohamia, chumba cha upande wa pili kilikuwa na watu wengine, wazungumzaji, nami sikuweza kuwasikiliza.

Lakini Ijumaa ile, niliporudi, alikuwa amenisubiri kwenye kona kabla ya nyumba ya Mama Zainabu, bado amevaa sare ambayo haikuwa na kazi tena. Hakunikimbilia. Alitazama uso wangu kwanza.

"Amekataa?"

"Amekataa," nikasema.

"Ulimwambia kwamba msumeno unakula?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema kitabu ni kitabu."

Nilimwona akiipokea habari hiyo, akiigeuza upande huu na upande ule, akitafuta mahali pa kuiweka. Sikuwa nimewahi kumdanganya mtu jambo kubwa, na nilishangaa jinsi maneno yalivyokuja mepesi, moja baada ya jingine, mbele ya mtoto mmoja.

"Alikufokea?" akauliza.

"Kidogo."

"Mbele ya watu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nafula akachukua mkoba kutoka mkononi mwangu, kwa sababu ulikuwa na mbao na aliona nimechoka.

"Pole, kaka Eliya," alisema. "Na wewe hupendi kuongea mbele ya watu. Si ulikwenda lakini."

Akanipeleka mpaka chumbani kwao, akaacha mlango wazi kama ilivyokuwa desturi. Baba yake alikuwa hajarudi kutoka kazini. Nafula akaninawisha mikono kwa maji ya kikombe, akafunua sufuria, akanipakulia chakula alichomwekea baba yake, upande wenye nyama. Kisha akakaa mlangoni kunisubiri, akiniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa, nami nikala.